Yule Aliyeuliza Mbele ya Watu

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mwenyewe mapema, kwa sababu mtaa wetu wa Panda si mkubwa, na kuna mama watatu pale kwenye bomba la maji ambao wangelisema kabla yangu na kuongeza chumvi. Wivu wa bwana sina. Bwana wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu wa kukaa nyumbani na redio yake, na hakuna aliyemtaka zaidi yangu. Wivu wa nguo pia sina, vitenge vyangu vinanitosha. Wivu wangu ni wa maneno. Mtu akijua neno nisilolijua, hata bukari, ugali wetu, haunishuki.

Kazi yangu ni ukalimani. Jumapili kanisani, akija mhubiri kutoka mbali na Kifaransa chake, mimi ndiye ninayesimama ubavuni mwake na kukigeuza Kiswahili chetu cha Likasi. Anayedhani ni kazi ya mdomo tu hajawahi kuifanya. Mhubiri akiruka, unaruka. Akipiga magoti, unapiga, hata kama magoti yako yana miaka hamsini na tatu. Akilia unalia, lakini usimpite kwa machozi, maana watu watasahau upako uko kwa nani. Siku za kazi naitwa kokote: mahakamani, kwenye mikutano ya ushirika wa wachimbaji, kwenye zahanati ya hapa mtaani wakija madaktari wasiotuelewa. Kifaransa nilikipata kwa masista, na baba yangu, aliyekuwa fundi katika karakana za kampuni ya shaba, alinifokea mezani kila nilipokikosea. Nilikula maharage mengi yenye chumvi ya machozi, lakini lugha niliipata.

Mwanzoni niliamini kwamba neno ni neno. Ukishajua kwamba traitement ni matibabu, umemaliza, endelea na lingine. Basi siku moja ushirika ukaniita. Mhandisi mmoja mgeni alitaka kuzungumza na akina mama wanaoosha mawe ya shaba mtoni. Akawaambia kwamba traitement itaanza Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, wote waje. Mimi nikasimama na kifua mbele, nikageuza: matibabu yanaanza Jumatatu, mje wote. Jumatatu, Yesu wangu! Walikuja na watoto mgongoni na kadi za chanjo mkononi. Mmoja alimleta mama mkwe wake mwenye mguu uliovimba, juu ya mkokoteni. Mhandisi alikuwa amesimama kando ya mapipa yake ya asidi, haelewi hata moja. Kwake traitement ilikuwa kuyatia mawe kwenye asidi ili shaba itoke. Na karani wa ushirika naye alikuwa amekuja amechana nywele na kuvaa shati safi, kwa sababu ofisini traitement ni mshahara. Watu wa aina tatu walisikia neno moja na kila mmoja akaamka asubuhi kwa sababu yake. Yule mama mkwe alinitazama kutoka kwenye mkokoteni, na mimi nikatamani matope ya mto yanimeze.

Siku ile nilinunua daftari. Kila neno nililipa ukurasa wake, na chini yake nikaandika nyumba ambamo neno lile linalala: mgodini, hospitalini, mahakamani, kanisani, kwa watu wa umeme. Neno haliwezi kuwa na tabia moja katika kila nyumba, kama vile mwanamke hawezi kuwa mmoja kwa mama yake na kwa wifi zake. Nilijaza daftari la kwanza, nikaanza la pili, na sasa ni miaka kumi na minane.

Lakini nilikuwa na sharti langu. Sikuuliza mbele ya watu. Mkalimani akiuliza mbele ya watu amejivua nguo, ndivyo nilivyosema, na nililisema kila mahali, kanisani, sokoni, kwa wasichana niliowafundisha kwaya: anayeuliza kila kitu hajui kitu. Mimi nilikwenda kwa njia ya nyuma. Gerezani kule Buluo, tulipokuwa tukipeleka mikate na akina mama wa kanisa, nilisikia karani wa wakili akimwuliza mfungwa: prévention yako ni nini? Nilishtuka. Kwa wauguzi, prévention ni kinga, ni chandarua na kunawa mikono. Yule mfungwa akajibu bila kufikiri: wizi wa nyaya. Sikukunja uso. Nilimpa karani mkate mkubwa kuliko wa wengine, nikamsifu viatu, nikamzungusha mpaka akaniambia mwenyewe, bila kujua ananifundisha, kwamba mahakamani prévention ni lile kosa unaloshtakiwa. Neno charge nalo nililipata kwa mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye mitambo ya umeme ya Koni. Nilimpelekea sombe, yale majani ya muhogo, nikajifanya nalalamika juu ya umeme kukatika. "Charge ni benyewe banalalamika," akasema huku anakula. "Kila mwenye kuwasha jiko." Yaani mzigo wa umeme ambao mitambo inaubeba. Mimi nilikuwa nalijua la mahakamani, ambako shahidi à charge ni yule anayekuja kukukandamiza. Nilirudi nyumbani na sufuria tupu na nyumba mpya ya neno langu, nikafurahi peke yangu.

Sasa huyo msichana.

Alikuwa na miaka kama ishirini na minne. Watu wao ni wafanyabiashara wa Kiislamu, walitoka pande za Kasongo zamani, wana duka la misumari, kufuli na mabomba karibu na soko. Akisema Kiswahili ni kile kilichonyooka: sisi tunasema minye, yeye anasema mimi, sisi bantu, yeye watu. Hilo peke yake lilitosha kunichemsha damu. Alianza ukalimani dukani kwao, kwa madereva wa malori wanaotoka nje ya nchi, kisha msimamizi wa zahanati akamsikia na kumwita. Huyo msimamizi ni muuguzi, mwenzangu wa kwaya, tumeimba pamoja tangu tukiwa wasichana, na bado alimwita.

Mara ya kwanza kumwona kazini, daktari mmoja alikuwa anaeleza vipimo vya damu akataja témoin. Mimi, nimeketi nyuma kabisa, nikacheka moyoni. Nilijua atateleza. Kanisani témoin ni mwenye ushuhuda, arusini ni yule anayesimama na maharusi, na mtoto wa duka angejua wapi la maabara? Na yeye je, alijificha? Hata kidogo! Aliinua mkono kama mwanafunzi, akamwuliza kwa Kifaransa, mbele ya wauguzi wote na wagonjwa: samahani daktari, kwenu témoin ni nini? Nikasema moyoni, haya, leo anafukuzwa. Daktari akamvutia kiti. Akachukua kalamu, akamchorea chupa mbili, moja ya kupimwa, moja inayoachwa bila kutiwa kitu ili zilinganishwe. Msichana akatugeukia, akaeleza, na hata yule bibi kipofu wa nyumba ya tatu kutoka kwangu alielewa.

Kiti! Miaka yote ile nimesimama na madaktari mpaka miguu inaota moto, hakuna aliyewahi kunivutia kiti. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikimtukana njia nzima. Nilimtukana kidevu chake. Nilimtukana kilemba chake kilichokaa vizuri. Nilimtukana baba yake kwa kufungua duka Likasi wakati miji mingine ipo.

Halafu ikatangazwa kwamba madaktari wanakuja kupima vifua vya wachimbaji. Vijana wetu na waume zetu wanashuka mashimoni bila kitu puani, wanameza vumbi la mawe, na kikohozi chao unakijua hata ukiwa umefumba macho. Msimamizi akatuita sisi wawili ofisini kwake. Akasema baada ya kazi hii zahanati itabaki na mkalimani mmoja, wa kudumu, mwenye koti jeupe na meza yake mlangoni. Tutafanya wiki moja ya majaribio: mimi asubuhi, msichana alasiri. Sitaficha, nililitaka lile koti. Nililitaka kama mtoto anavyotaka viatu vya Noeli. Mhubiri akiondoka, watu wanalikumbuka jina la mhubiri. Koti ni lako.

"Na tena, yaya," msimamizi akaniambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, "ile daftari yako, umupatie huyu mutoto akopie. Bagonjwa bataumia kama kila muntu anafunga maneno yake mu sanduku."

Msichana akaniangalia kwa yale macho yake. "Mama, nitaitunza kama mayai. Nitairudisha kesho yake."

Nikacheka kwa meno. "Maandishi yangu ni mubaya, mwanangu. Hutasoma kintu. Minye mwenyewe nitakukopia."

Wakanishukuru wote wawili. Msimamizi akanikumbatia kabisa, akasema huo ndio moyo wa Kristo.

Nilinakili alasiri tatu kwenye daftari jipya, mezani, mlango wazi ili nipate mwanga. Kurasa za kwanza niliandika vizuri. Kusema kweli nilijivunia. Niliona jinsi kazi yangu ilivyo kubwa, na nikawaza atakavyofungua mdomo. Lakini kadiri nilivyoandika, ndivyo kijicho kilivyonipanda. Kila ukurasa nilikumbuka nilivyoupata: sombe hili, mkate ule, jua lile la kwenda na kurudi. Yeye anaupata ameketi. Nikafika kwenye neno stable.

Neno hilo lina nyumba tatu katika daftari langu. Kwa wachimbaji, shimo likiwa stable, kuta zake haziporomoki, shuka. Kwa watu wa umeme, ni moto usiotetemeka, washa friji yako. Hospitalini ni ugonjwa uliosimama pale pale ulipo: haujaongezeka, wala haujaondoka. Nyumba hii ya tatu sikuipata kwa sombe. Bwana wangu alipolazwa, daktari alipita kila asubuhi akasema, mama, ni stable. Asubuhi tisa. Na mimi, mkalimani mkubwa wa Panda, nilifurahi asubuhi tisa, nikawapigia simu ndugu, nikafua shati lake la kurudia nyumbani. Asubuhi ya kumi nikaelewa neno lile maana yake ni nini.

Basi nikakaa na kalamu hewani, nikajiuliza: na hili nalo nimpe bure? Yeye ambaye hajamzika mtu? Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikaandika: stable, hospitalini, amepona.

Nitasema ukweli wote. Kuliandika kulikuwa kutamu. Nilijua mmoja wa madaktari wale anasikia Kiswahili kidogo. Atamsikia akiwaambia watu wamepona, atacheka, atamkemea mbele ya wote, na kile kiti chake kitarudishwa ukutani. Hayo tu ndiyo niliyoyawaza. Mgonjwa sikumwaza hata dakika moja. Nikafunga daftari, nikasonga bukari, nikala vizuri, na kesho yake nikampelekea msichana nakala yake.

Siku ya nne ya majaribio nilimaliza zamu yangu ya asubuhi, nikajifanya nangoja dawa ya mgongo, nikabaki kwenye benchi la nje. Chumba cha daktari kina pazia tu badala ya mlango, kila kitu kinasikika. Nilitaka kusikia mwenyewe. Akaja kukaa pembeni yangu jirani yangu, mchimbaji, baba wa mapacha, anayeimba sauti ya chini katika kwaya yetu. Siku hizi sauti yake ilikuwa imepungua, na baada ya kila mstari alikuwa anakohoa. Alikuwa amepakata bahasha kubwa ya picha ya kifua.

"Mama, batasema nini?" akaniuliza.

"Nitajua wapi? Si munganga minye."

"Minye nangoja paka neno moja tu. Baniambie niko muzima, Jumatatu nashuka. Benzangu banasema shimo ya sasa ni muzuri sana."

Nilimtazama kifua, kinapanda na kushuka chini ya shati kama mtu aliyetoka kukimbia, na yeye ameketi. Nikajua nimeandika kitu gani, na nimemwandikia nani. Nilipaswa kusimama. Hatua nne tu mpaka kwenye pazia: mwanangu, ukurasa ule si kweli. Hatua nne! Lakini nikisimama, koti limekwenda. Nikisimama, msimamizi atajua, kwaya itajua, wale mama watatu wa bombani watajua kabla sijafika nyumbani. Nikajiambia labda daktari hatalitaja neno lile. Nikajiambia labda kifua chake ni kizima kweli. Wakamwita, akaingia, na mimi nikabaki nimekaa.

Nikasikia picha ikitolewa kwenye bahasha. Daktari akailinganisha na ile ya mwaka uliopita, kisha akasema kwa Kifaransa kwamba vumbi liko katika mapafu yote mawili, lakini kwa sasa ni stable. Halafu nikasikia karatasi zinafunuliwa. Daftari. Nilifumba macho.

"Samahani, daktari," msichana akasema. "Kwenu stable ni kusema amepona? Mama ameniandikia hivyo, lakini umesema vumbi bado liko, na nimeona nisiseme kabla ya kuuliza."

Aliuliza! Mbele ya mgonjwa, mbele ya muuguzi, pazia wazi nusu, na watu kumi na zaidi kwenye mabenchi wanasikia.

"Amepona? Hapana, hapana," daktari akasema, na akaeleza. Kisha msichana akamgeuzia jirani yangu polepole, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka: vumbi bado limo, halijaongezeka tangu mwaka jana, lakini halitatoka, na ukirudi shimoni litaongezeka.

Mtu mwema angemshukuru Mungu. Mimi, kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa hasira. Ameniandikia hivyo! Amewaambia watu wote kwamba mimi sijui! Miaka kumi na minane nimejificha ili mtu asiseme sentensi ile, na yeye ameitupa hadharani kwa adabu, na samahani juu yake.

Msimamizi akatoka na daftari wazi mkononi. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Yaya," akasema kwa sauti ndogo, "hili neno haukulijua?"

Watu wote kwenye mabenchi walikuwa wananitazama. Nikaona njia mbili tu: niwe mjinga au niwe mbaya. Sijawahi kufikiri haraka hivyo maishani. "Sikulijua," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema hivyo mbele ya watu, na ilikuwa uongo.

"Ah, yaya, si kitu. Hakuna anayejua yote." Akanishika bega. Nilidhani imeisha hapo. Koti nimelikosa, lakini jina limebaki na doa dogo tu, doa la uzee.

Kumbe jirani yangu alikuwa ametoka, amesimama nyuma yake, bahasha kwapani. Na alikuwa anatabasamu.

"Weye?" akaniambia. "Weye haujui neno? Mama, acha kutucheka. Panda muzima tunajua, maneno yote iko kwako."

"Sikulijua, baba. Kweli."

"Haiwezekani." Akageuka kwa watu wa kwenye mabenchi kama anayetafuta mashahidi. "Huyu mama njo alitufundisha mu kwaya: mwenye kuuliza kila kintu hajui kintu. Si njo vile? Sasa huyu mutoto, kila neno anauliza. Mama aliandika nimepona. Mama hajawahi kuuliza muntu. Minye nitasikia nani?" Akacheka, kicheko kikamgeukia kikohozi, akainama akashika ukuta, akamaliza, akajipangusa mdomo. "Nimepona. Jumatatu nashuka."

Mmoja wa wale waliokaa akasema ndiyo, mama anajua. Mwingine akaitikia. Walikuwa wananitetea, maskini wa Mungu.

Msichana alikuwa amesimama kwenye pazia. "Baba, tafadhali, usishuke," akasema, na jirani yangu hakumtazama hata. Alinitazama mimi. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa habari njema na hataki kuirudisha. Nikaujua uso ule, kwa sababu niliuvaa asubuhi tisa.

"Kaa chini," nikamwambia.

Akakaa.

"Sikiliza. Neno lile nalijua. Nililijua mbele ya huyu mutoto kuzaliwa ku akili. Bwana yangu alikuwa stable, weye mwenyewe ulibeba sanduku yake. Niliandika bongo."

"Bongo?"

"Bongo. Uongo. Kwa kutaka, na mikono yangu hii. Nilitaka huyu apate haya mbele ya docteur juu niko na wivu naye. Haujapona. Ukishuka Jumatatu, utakufa, na mapacha yako batakuwa ku mulango yangu banaomba bukari."

Jirani yangu aliangalia bahasha yake, akaikunja pembe, akaikunjua. "Kumbe," akasema. Akasimama, akaenda kuketi benchi la mbali, lakini hakuondoka, na baadaye nilimwona akimwuliza muuguzi arudi siku gani.

Msimamizi alikuwa ameuondoa mkono wake begani mwangu. Sijui aliuondoa lini.

Msichana alinikaribia. Nilijiandaa. Nilitaka anitukane, na kwa kweli nilikuwa tayari na majibu. Ningeanza na kidevu. Angenitukana tungekuwa sawa, wanawake wawili wanagombana uwanjani, jambo la kawaida. Lakini alilichukua daftari mikononi mwa msimamizi, akalifungua, akapitisha kidole kwenye kurasa, zile kurasa zangu, traitement, prévention, charge, zote kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, ule ninaoutumia kwa barua za arusi.

"Mama," akaniuliza, "mengine ya uongo ni mangapi?"

"Hakuna. Ni lile moja tu. Nakuapia kwa Mungu."

Alinitazama usoni, akitafuta. Nilimwona anataka kuniamini. Nilimwona pia anashindwa, na hakuwa na kosa, kwa maana hata mimi nisingeniamini.

"Basi, mama," akasema, bila hasira hata chembe, "itanipasa niulize yote."

Akaingia ndani na daftari langu. Nikasikia kiti kinavutwa, na nikamsikia anaanza na ukurasa wa kwanza.